Kikapu cha Nyuzi za Darasani

Hapo zamani, zamani ambayo wenye mvi wachache bado wanaikumbuka kwa majina na kwa siku, palikuwa na ukoo mmoja milimani uliokuwa na mila ya kikapu. Msichana akimaliza kusuka kikapu chake cha kwanza cha katani, hakukitumia wala hakukiuza. Alikipeleka kwa shangazi mkuu wa ukoo, na shangazi akamkabidhi mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha msichana hapo alipofika. Mtu huyo aliitwa mwenye neno. Tangu siku ile yeye ndiye aliyemsemea msichana mbele ya watu, kwenye posa, kwenye ugomvi, kwenye baraza, mpaka mmoja wao aingie kaburini.

Kikapu hakikugawanywa. Kikapu hakikurudishwa. Na kama jua lilizama kabla mwenye neno hajatajwa, kikapu kilitiwa motoni, na msichana akabaki mtu asiye na wa kumsemea.

Mtasema, kikapu tu hicho. Ngojeni.

Shangazi mkuu wa wakati huo aliitwa Nangasu. Alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno ya kuhesabika, na kichwani mwake vikapu vyote vya ukoo vilikuwa vimepangwa kama vyombo kabatini: nani alisuka, nani alipewa, mvua ilikuwaje siku hiyo. Alikuwa amekabidhi vikapu kumi na tisa, na hakuna hata kimoja kilichomchelewesha mkono. Cha ishirini kilimchelewesha.

Kilikuwa kikapu cha Nakiete, binti wa marehemu kaka yake.

Nakiete alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu utotoni hakutazama watu machoni, hakuvumilia kelele, na neno alilitoa pale tu alipolimaliza kulipima. Watu walikosa jina la hali yake, kwa hiyo wakampa majina yao: bubu, zezeta, aliyerogwa. Mikono yake haikutulia ila ikisokota uzi. Alichukua nyuzi za katani, akaziweka juu ya paja, akazisokota kwa kiganja, shwa, shwa, shwa, na akizisokota hivyo ndipo masikio yake yalipofunguka. Kikapu kile kilisukwa kwa nyuzi alizozisokota darasani, somo baada ya somo, miaka sita.

Sasa Nakiete alikuwa amefaulu darasa la saba, amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni huko chini bondeni. Na mkuu wa shule hiyo alikuwa ameandika barua. Alikuwa amesikia habari za msichana huyu. Barua ilisema: aje Jumatatu, aje na mtu mmoja wa kumsemea, nitamsikiliza huyo mmoja, kisha nitaamua kama nafasi ni yake au ya mwingine.

Siku ya kukabidhi kikapu ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo atakayepewa kikapu leo ndiye atakayesimama Jumatatu. Mmenielewa? Basi tuingie ndani.

Nyumba ya Shangazi Nangasu ilitazama magharibi. Alasiri jua liliingia mlangoni, likatambaa sakafuni. Lilianza kwenye mtungi wa maji, likafika kwenye mafiga, likafika miguuni pa aliyeketi kwenye kigoda, mwishowe likapanda ukuta wa nyuma, likazimika. Huo ndio uliokuwa muda wa kutoa kikapu. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekalia magunia. Nakiete alikaa kwenye pembe, mgongo ukutani, akisokota. Shwa, shwa, shwa.

"Kila mmoja aseme lake," Shangazi akasema. "Asiseme la mwenzake."

Jua lilikuwa kwenye mtungi. Akasimama mama yake Nakiete.

"Wifi, nianze mimi, maana mimi ndiye niliyeanza. Siku ya kwanza ya shule waligonga ile ringi ya lori waliyoitundika iwe kengele. Mwanangu aliingia chini ya dawati akaziba masikio, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwalimu mkuu akaniambia, mama, mrudishe nyumbani. Nikaona jiwe nje ya dirisha. Nikakaa. Jua likawaka, nikakaa. Mvua ikanyesha, nikajifunika gunia, nikakaa. Darasa la kwanza nikakaa, la pili nikakaa, la tatu nikakaa. Shamba langu liliota magugu mpaka ngedere wakadhani nimehama."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Akiinua macho, ananiona. Akiniona, anashusha macho, anaandika. Pasingekuwa na jiwe lile, pasingekuwa na shule, na pasingekuwa na hicho kikapu magotini pako."

"Na nikikupa," Shangazi akauliza, "Jumatatu utasema nini?"

"Nitasema asanteni, hatuji. Bweni lina wasichana mia mbili na kengele. Huko hakuna jiwe langu. Atakaa na mimi, atasuka, ataishi."

Shangazi Nangasu akakishika kikapu, akakiinua kidogo, akakirudisha gotini. Alimwamini wifi yake. Aliikumbuka ile mvua ya gunia. Yeye mwenyewe alipita siku hiyo na mwavuli wake, hakusimama.

Sauti ikatoka karibu na mlango. "Na siku jiwe lilipokuwa tupu, mama?"

Alikuwa Mwalimu Mbonea, mwanamume mwembamba aliyepanda mlima tangu alfajiri kutoka shule ya mbali alikohamishiwa.

"Nimesema asiseme la mwenzake," Shangazi akamkata.

"Samahani, Shangazi. Lakini hili ni langu pia. Siku ya mtihani wa darasa la nne mama alishikwa na homa, hakuja. Nakiete aliinua macho akaona jiwe peke yake. Akaweka kalamu, akatoka. Tulimkuta ukingoni mwa korongo, nyayo zake nusu ziko hewani. Mama alikuwa amemfundisha kuishi kwa kumwona yeye tu."

"Nilikuwa naumwa!" mama akalia. "Mwalimu, nilikuwa nimelala natetemeka kama jani! Ulitaka nije nimebebwa kwenye kitanda?"

"Sikulaumu, mama."

"Unanilaumu kwa adabu."

Jua likafika kwenye mafiga. Shwa, shwa, kwenye pembe. Mwalimu akavua kofia.

"Shangazi, nilimpokea darasa la tatu. Tulikuwa tunafundisha kwa kuitikia. Mwalimu anasema, watoto sabini wanajibu kwa pamoja mpaka bati linatetemeka. Yeye hakujibu. Alivuta nyuzi za sketi yake, akasokota. Nikaona dharau. Nikamchapa viboko vitatu."

Nyumba ikanung'unika. Mzee mmoja akasema, "Na umekuja kudai kikapu! Macho makavu!"

"Ngojeni. Jioni nilisahihisha madaftari. La kwake lilikuwa na somo zima, neno kwa neno. Kila nilichosema. Na palipoandikwa somo, paliandikwa pia: *Mwalimu amekohoa mara tatu.* Na chini kabisa: *Mwalimu amenichapa tatu. Uzi umekatika, kwa hiyo sikusikia mwisho wa somo.*" Akaigeuza kofia mkononi. "Asubuhi nilimletea fungu la katani kutoka nyumbani kwangu. Nikamwambia, sokota. Nikampa dawati la nyuma ili asiwe na mtu mgongoni. Maswali nikamwandikia kwenye vikaratasi, akajibu kwenye vikaratasi. Na baada ya lile la korongo niliishusha ringi, nikaifukia chini ya magunia ya stoo, nikapandisha kitambaa cha kijani kwenye mti. Kikipanda, watoto wanaingia. Kikishuka, wanatoka. Shule nzima ikajifunza kutazama. Mwalimu mkuu akasema shule haiongozwi na tambara. Nikapewa barua ya onyo, nikapewa ya pili, ya tatu ikanihamisha. Nilikwenda semina moja nikapata neno la hali yake, usonji."

"Na hilo neno lilimponya?" Shangazi akauliza.

"Hakuwa mgonjwa, Shangazi. Liliniponya mimi."

"Jumatatu utasema nini?"

"Nitasema yote. Nitayaandika, wayatie kwenye faili lake, kila mwalimu ayasome: kelele hizi hapana, uzi huu ndiyo, asilazimishwe kusimama. Shule iwajibike kwa maandishi, isiseme haikujua."

Shangazi Nangasu akakishika kikapu, akakiinua kidogo, akakirudisha gotini. Mtu aliyekosa akajirudi ana uzito wake. Lakini mkono uliosaidia ndio uliochapa, naye alijua vidole vya Nakiete bado huruka kila mara mtu anapoinua fimbo, hata ya kuchungia mbuzi.

"Wataliandika," ikasema sauti nyembamba, "halafu watamtazama kama ndama mwenye vichwa viwili."

Alikuwa Niendiwe, msichana aliyekaa dawati moja na Nakiete, naye amefaulu kwenda shule hiyo hiyo. Alisimama kabla hajaitwa.

"We mtoto, kaa chini!" mama yake akamvuta sketi.

"Mila haiulizi umri," Shangazi akasema. "Mwache."

Jua likafika miguuni pa Shangazi. Aliuhisi ujoto kwenye vidole.

"Shangazi, mwaka ule wa korongo Nakiete alifeli mtihani wa darasa la nne, akarudishwa. Na mimi nilirudishwa."

"Tunajua," mama yake akasema kwa aibu. "Kichwa kizito. Alichukua kwa baba yake."

"Sikufeli, mama. Nilitoa karatasi tupu."

Mama yake akamwachia sketi.

"Ulitoa nini?"

"Karatasi tupu. Niliandika jina tu. Nilimwona Nakiete ametoka, nikajua atarudishwa, atakaa na mtu asiyemjua. Nikafunga kalamu."

Mama Niendiwe akasimama, mikono kichwani. "Miaka yote hii nakuita mjinga! Nimekunywesha dawa za mizizi ya akili! Baba yako alikufa akiamini amezaa gogo! Na wewe unanyamaza tu?"

"Ningesema ungenichapa, halafu ningepelekwa la tano."

"Ningekuchapa kweli!" Akaketi, akalia, na ndani ya kilio akawa anacheka, na watu hawakujua pa kutazama.

Niendiwe akaendelea. "Mwalimu alipohamishwa waliichimbua ringi. Kitambaa kile nikakichukua mimi. Kila siku, kabla ya kugongwa, nilipanda mti nikakipandisha ili ajue kelele inakuja, azibe masikio mapema. Akiulizwa swali, namjibia. Akitukanwa, natukana. Akisukumwa, nasukuma. Jumatatu nitasema tuwekwe dawati moja na vitanda jirani, basi. Lisiandikwe neno lolote. Waone msichana mkimya na rafiki yake msemaji. Wangapi wako hivyo duniani na hawana faili?"

Shangazi Nangasu akakishika kikapu, akakiinua kidogo. Mwaka mzima wa maisha ya mtoto ulikuwa mle ndani. Nani mwingine alitoa mwaka? Karibu akitoe. Mkono wake ulikwisha kunyooka.

"Anamjibia," mama yake Nakiete akasema polepole. "Ndiyo. Hata nyumbani nikimuuliza mwanangu, utakula nini, anayejibu ni Niendiwe. Mwaka wa saba huu sijui sauti ya mwanangu ikoje akiamua mwenyewe."

"Na wewe utaijuaje, kama utamfungia shambani?" Niendiwe akamrudishia.

"Niendiwe!" mama yake akafoka.

"Na nyote wawili," Mwalimu akaingilia, "mnataka kumficha. Mmoja nyumbani, mmoja nyuma ya mgongo wake."

"Bora kumficha kuliko kumchapa!" mama yake Nakiete akamjibu.

"Nilikwisha kusema nilikosa!"

"Ulisema ukitaka usifiwe kwa kusema!"

Nyumba ikalipuka. Wazee wakagonga fimbo, akina mama wakasimama, kila mmoja na upande wake. Kwenye pembe Nakiete aliziba masikio kwa mabega, kwa maana mikono haikuwa na nafasi. Ilisokota kwa kasi, shwashwashwashwa, mpaka ngozi ya paja ikawa nyekundu. Na hakuna aliyemwona ila Shangazi Nangasu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kimya.

Akawatazama waliokuwa wakigombana. Watu watatu waliompenda mtoto huyu kuliko wote duniani walikuwa wamekuwa ringi ya lori.

Akainua mkono. Hakuongea. Akauinua tu juu, kama kitambaa kwenye mti, akauacha hapo. Mmoja akauona, akanyamaza. Wa pili akauona. Nyumba ikatulia safu kwa safu.

"Kabla sijataja," akasema, "na mimi nina langu. Msidhani nimekaa hapa kwa usafi. Nakiete alipofika miaka saba, kaka yangu aliniuliza, dada, tumpeleke shule? Nikamwambia, shule si mahali pake, atatuaibisha. Kaka hakunisikiliza. Angenisikiliza, leo tusingekuwa na cha kugombania. Kwa hiyo mkiona mkono wangu unachelewa, mjue kwa nini."

Jua likaondoka miguuni. Likapanda ukuta wa nyuma, mstari mwekundu wa upana wa mkono. Mtoto aliyekuwa akilinda moto akaongeza ukuni, kama mila ilivyotaka, na kila mtu akausikia ukipasuka.

Ndipo shwa, shwa ikakoma.

Nakiete alikuwa amesimama. Hakumtazama mtu. Alitazama mstari wa jua.

"Anataka kusema kwamba..." Niendiwe akaanza.

"Hapana," Nakiete akasema.

Niendiwe akafunga mdomo kama aliyepigwa kofi.

Nyumba ikangoja. Ilingoja mpaka watu wakaanza kukohoa. Mama alikaza kanga kifuani. Mwalimu alihesabu pumzi. Mstari wa jua ukapanda, ukapungua.

"Mama alikaa siku mia sita na nane," Nakiete akasema. Akanyamaza. "Mwalimu alichapa tatu. Aliniandikia vikaratasi elfu mbili mia moja na kumi. Ninavyo." Akanyamaza tena, muda mrefu zaidi. "Niendiwe alijibu maswali yangu. Mengi alijibu sawa. Mengine nilikuwa na jibu lingine."

"Lipi?" Niendiwe akauliza kwa mnong'ono. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa bado nalileta. Wewe ulikwisha kufika."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kikapu, kiganja juu, macho bado ukutani.

"Shangazi. Hakuna aliyeniuliza Jumatatu nitasema nini."

Shangazi Nangasu akamgeukia. "Utasema nini, mwanangu?"

Jua lilikuwa upana wa vidole vitatu.

"Nitasema, kengele inaniumiza." Vidole viwili. "Nitasema, uzi unanifanya nisikie." Kimya. Ukuni ukapasuka. Kidole kimoja na nusu. "Nitasema, ningojeni."

"Na mkuu wa shule asipongoja?"

Nakiete akafikiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo, hata wa kumfurahisha mtu.

"Sijui," akasema. "Kikapu ni changu."

Wazee wakavuta pumzi, kwa maana walijua anachokijua Shangazi. Katika kumbukumbu yote ya ukoo ule mwanamke mmoja tu aliwahi kubaki na kikapu chake mwenyewe, Bibi Naunge. Kwa miaka alijisemea vizuri kuliko wazee. Kisha ghala la jirani likaungua, akashtakiwa yeye, na siku ya baraza alikuwa amefiwa na mtoto, ulimi umemfia kinywani. Ndugu walijua hakuwasha moto ule, wakafungua midomo, wakaambiwa, kikapu chake anacho mwenyewe, nyamazeni. Akafukuzwa bila mtu kumsemea neno moja. Kaburi lake haliko pamoja na makaburi ya wengine. Shangazi Nangasu ndiye aliyelipalilia kila mwaka, peke yake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mama akanyoosha mikono miwili, ile iliyoshika gunia kwenye mvua. "Wifi," akasema, "akikwama mbele ya mkuu yule wa shule, nani atamshika?"

Mwalimu hakunyoosha mkono. Aliikunja kofia yake. "Shangazi," akasema, "nafasi iliyopotea hairudishwi kwa machozi."

Niendiwe alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha. "Mimi nilitoa mwaka," akasema, akilia. "Nilidhani alitaka."

Na Nakiete alibaki na kiganja chake wazi, akingoja kama alivyongoja siku zote.

Shangazi Nangasu akakiinua kikapu kutoka gotini. Mle ndani mlikuwa na miaka sita ya masomo, hesabu na jiografia, viboko vitatu, kitambaa cha kijani na jiwe lenye mvua. Mwanga ulikuwa umebaki upana wa uzi. Moto uliwaka kushoto kwake. Mikono ilikuwa mbele yake.

Sikumwachia jua lizame, na sikumwambia ampe nani. Nimemwacha pale, kikapu kiko hewani. Haya, ninyi mlioketi mkinisikiliza, wenye watoto na msio nao, waliochapa na waliochapwa: uzi wa mwanga haungoji. Je, mngekitia kikapu mkononi mwa nani?